Kosa Halifutwi: Miaka Yangu kwenye Mkataba wa Mto Mara

Jumatano tarehe 11 Machi mwaka huu Dokta Rehema alifariki, kwao pwani. Nilipigiwa simu kesho yake saa nne asubuhi nikiwa ofisini Bomani, nafunga madaftari ya zamani kwenye mifuko ya nailoni. Wiki tatu baadaye nilistaafu. Mambo haya mawili hayahusiani, maana tarehe yangu ya kustaafu ilikuwa kwenye faili siku nyingi. Lakini kichwani mwangu yamekaa pamoja, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ninyi mlionipokea kazi mliniomba niwaandikie mkataba wa mto ulivyoanza. Najua mmeusoma kwenye ripoti. Ripoti ile imeandikwa vizuri, ila ina sentensi moja isiyo ya kweli. Inasema mkataba wa kwanza ulivunjika kwa sababu "timu ya chuo haikueleza vizuri." Timu ilieleza vizuri. Aliyeharibu ni mimi.

Nianze mwanzo. Mimi niliishia darasa la saba, Gorong'a. Nilipokutana na chuo kikuu nilikuwa msaidizi wa fundi mwashi, nachanganya zege ya nguzo mbili za kubebea rula ya mto. Rula ni bati refu lenye alama za sentimita. Linasimama majini, na kila asubuhi mtu anakwenda kusoma maji yamefika wapi. Dokta alishuka ukingoni akiwa amevaa mabuti ya mpira makubwa kuliko miguu yake, akatusalimia wote mmoja mmoja, kisha akauliza, "Nani hapa anaandika mwandiko unaosomeka?"

Fundi akanionyesha mimi, kwa sababu nilikuwa na penseli sikioni. Penseli ile ilikuwa ya kuchorea mbao. Kwa hiyo nikitaka kusema kweli, niliingia kwenye utafiti kwa ajili ya sikio langu.

Siku hiyohiyo alinipa daftari na kunifundisha kazi kwa muda ambao chai inapoa. Tazama alama kwa macho yaliyo usawa wa maji, usiitazame kutoka juu. Andika unachokiona, usiandike unachotegemea. Usitumie kalamu ya wino, mvua itakula. Na usiwe na ufutio.

"Nikikosea?" nilimuuliza.

"Utakosea. Piga mstari mmoja juu ya namba uliyokosea, ibaki inasomeka. Andika iliyo sahihi pembeni, weka herufi za jina lako."

"Sasa kosa libaki la nini, mama?"

"Ukifuta, Marwa, anayekuja nyuma yako ataona karatasi imechubuka. Atajua kuna kitu kilikuwepo, hatajua ni nini. Atalitilia shaka daftari zima."

Niliona ni mambo ya wasomi. Nilifuata tu kwa kuwa niliambiwa.

Chombo cha pili alichonipa ni bomba la plastiki linaloona ndani, urefu wa mkono, na chini yake kuna msalaba mweusi. Unamimina maji ya mto polepole huku unachungulia kwa juu. Msalaba ukipotea, unaandika maji yamefika alama gani. Maji yakiwa na tope, msalaba unapotea mapema. Msidharau chombo hiki kwa kuwa siku hizi mna vya betri. Mzee asiyejua kusoma atachungulia kwenye bomba, atoe jicho, na kusema mwenyewe, "Mto huu umekuwa uji." Hapo umemaliza nusu ya mkutano.

Sasa mkataba. Dokta alikuwa ametoka kufanya kazi kama hiyo huko kwao, ambako chuo kilikaa na vijiji vya pwani, wavuvi na wakata kuni, wakaandikiana jinsi ya kutunza ufukwe. Chuo kikashirikiana na chuo cha nje, wakasema jambo hilohilo linaweza kufanyika kwenye ukingo wa Mto Mara, upande wa Tarime na ng'ambo upande wa Serengeti. Mita sitini za sheria kutoka majini zisilimwe, ng'ombe wanywe mahali walipokubaliana, miti irudi. Ilikuwa fikra nzuri, na bado ni nzuri.

Rasimu ya kwanza ilikuja imepigwa chapa safi kabisa. Nilipoanza kuitafsiri kwa Kikurya mbele ya wazee kwenye uwanja wa shule, kifungu cha tatu kilikataza kukata mikoko.

"Mikoko ni nini?" mzee mmoja aliuliza.

Nikamwambia ni miti inayosimama kwenye maji ya chumvi.

"Chumvi ya nani?"

Watu wakacheka. Dokta aliposikia wanachekea nini alijishika kichwa, akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya mikoko, akaandika juu yake matete na migunga, akatia herufi zake. Nikaona kumbe lile jambo la mstari hakulitunga kwa ajili yangu.

Neno lingine lililosumbua ni wadau. Nilieleza kwamba mdau ni kila mtu ambaye mto unamhusu. Mzee yuleyule akainua fimbo. "Na mamba naye?"

"Huyo ndiye wa kwanza," Dokta alimjibu, "ila hatujapata namba yake ya simu."

Baada ya hapo walimpenda. Nasema hivi ili mjue kwamba kilichokuja kuvunjika hakikuvunjika kwa chuki.

Tulifanya makosa mawili ya ratiba, yaandikeni. La kwanza, mkutano wa kutia saini tuliuweka siku ya mnada. Kalenda ya Bomani haikuonyesha mnada. Vijana wote wanaosikia Kiswahili sawasawa walikuwa wamepeleka ng'ombe, wakabaki wazee, na wazee walinitegemea mimi. La pili, kila kijiji kilifanya mkutano wake peke yake. Ng'ambo walisomewa mkataba na mtu wao, sisi tukasomewa na mimi. Hakuna aliyesikia mwenzake kaambiwa nini.

Na sasa lile langu.

Mkataba ulisema kwamba njia tatu za ng'ombe za upande wetu zitafungwa, ibaki moja. Kati ya zile tatu, moja ilikuwa ya nyumbani kwetu. Marehemu baba aliichonga kwa jembe kabla sijazaliwa, na alipokufa ng'ombe walibaki kwa kaka yangu mkubwa, Mwita. Kwa mtu wa mbali, njia ni njia. Kwetu, mwenye njia yake ya maji hamsubiri mtu. Asiye nayo anasimama na mifugo yake nyuma ya mifugo ya wengine hadi aambiwe pita. Mwita alikuwa amekaa mstari wa mbele siku hiyo, ameweka fimbo ya baba magotini.

Nilijua njia ile inaua ukingo. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa napima maji chini yake, na msalaba ulikuwa unapotea mapema kuliko mahali pengine popote. Namba zile ziko kwenye daftari la pili, mwandiko ni wangu.

Dokta akasoma, "Njia hizi tatu zitafungwa baada ya mavuno."

Wote wakanigeukia. Nikamwona Mwita. Nikasema kwa Kikurya kwamba njia hizi tatu zitatazamwa baada ya mavuno.

Basi. Neno moja. Wazee wakatikisa vichwa kukubali, maana nani anakataa kutazamwa? Wakaweka dole gumba, na Mwita akaweka lake. Nilijiambia kwamba hadi mavuno yafike nitakuwa nimezungumza na kaka taratibu, nyumbani. Sikuzungumza. Kila nilipokwenda kwake tulizungumza habari za mvua.

Mavuno yakaisha. Ng'ambo, mwenyekiti wao, Mzee Wambura, alifunga njia zao kwa miiba kama walivyosaini, na ya kwake akaanza nayo. Upande wetu timu ilikuja na vibarua, wakaweka miiba na miche. Nilikuwa nao. Asubuhi yake Mwita alifika na ng'ombe, akakuta njia ya baba imezibwa.

Hakuniuliza kitu. Alitoa miiba kwa mikono yake, mikono ikatoka damu, kisha akapitisha ng'ombe juu ya miche yote. Wenye njia zile mbili nyingine walipoona, nao wakafungua. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema chuo kimewadanganya wazee.

Ng'ambo waliona ng'ombe wetu wakiteremka. Mzee Wambura alipiga simu ofisini, sauti yake niliisikia hadi nilipokuwa nimekaa.

"Nyie Wakurya mmetuchezea! Sisi ng'ombe wetu wanazunguka saa mbili kutafuta maji, wenu wanakunywa wanatutazama! Vijana wangu wamekasirika. Mimi sitawashika."

Wenyeji wa hapa hawahitaji kuelezwa maana yake. Pande mbili za mto ule zimewahi kufuatana kwa ajili ya ng'ombe, na makaburi yapo. Amani ndiyo iliyokuwa hatarini, wala si karatasi ya chuo. Vijana wakianza kuvuka, hakuna mkataba wa kuwarudisha.

Dokta alikuja siku ya pili. Alisimama mbele ya wazee wetu, mwanamke mtu mzima, akawaomba radhi kwamba hakueleza vizuri. Alisema kosa ni lake. Na mimi nilitafsiri. Nilisimama pembeni yake nikatafsiri msamaha ambao haukuwa wake kuomba, na safari hiyo nilitafsiri neno kwa neno bila kukosea.

Chuo kikaanza kuzungumzia kufunga mradi. Ripoti ikaandikwa, ile mnayoisoma.

Nilikaa na jambo hilo msimu mzima wa mvua. Sitaki mdhani nilikuwa nalia au nakosa usingizi. Nilikuwa nakula na kufanya kazi kama kawaida. Ila kila asubuhi kwenye rula, nikifungua daftari, nilikuwa naona mistari yangu juu ya namba nilizokosea, yote inasomeka, na kujua kwamba kosa langu kubwa kuliko yote halimo.

Siku moja mchana, Bomani, Dokta alikuwa anamenya chungwa mezani huku anapitia nakala ya mkataba. Akasema, kama anayejiuliza mwenyewe, "Hiki kifungu ni kifupi sana. Sijui niliwachanganya wapi."

Nikasema, "Hukuwachanganya. Niliwaambia zitatazamwa."

Aliacha kumenya. "Zita nini?"

"Zitatazamwa. Sikusema zitafungwa. Moja ni ya kaka yangu."

Nilitegemea anifukuze, na ningeondoka bila neno. Akafuta mikono kwa leso, akavuta daftari lake.

"Kwa Kikurya ulisemaje hasa? Nitajie polepole."

Nikamtajia. Akaandika. Kisha akasema, "Mimi siwezi kulipigia mstari kosa hili, Marwa. Si mwandiko wangu."

Hakuniambia nifanye nini. Kazi zetu ndivyo zilivyokuwa.

Nilimwomba mwenyekiti wa kijiji chetu aitishe iritongo, yaani mkutano wa jamii nzima, ule ambao neno likisemwa limesemwa. Nikaomba watu wa ng'ambo waitwe. Mwenyekiti akasema hawatakuja. Nikampigia Mzee Wambura mwenyewe. Nikampa shikamoo, nikamwambia nina jambo la aibu la kusema na ningependa alisikie kwa masikio yake.

"Aibu ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Hiyo nitakuja," akasema. Walizunguka kwa daraja, wazee saba. Kikurya chetu na Kingoreme chao ni ndugu, hawakuhitaji mkalimani.

Nilisimama katikati, nikasema. Nilisema neno la Dokta, nikasema neno langu, na kwa nini. Nilimtaja kaka kwa jina kwa kuwa ningemficha ningekuwa nafuta tena. Nikasikia kengele za ng'ombe za mbali.

Mwita akainuka. "Mura, mdogo wangu, kumbe ulijua njia ya baba itafungwa, ukaniacha niweke dole?"

"Nilijua."

"Bora ungekuwa adui yangu. Adui angeniambia." Akachukua fimbo akaondoka. Hakunisemesha tena kwa miaka miwili.

Wazee walinitoza mabeberu wawili, mmoja kwa kila upande wa mto. Mzee Wambura alisema beberu wa upande wao awe mnono kuliko mwingine kwa sababu wao wametembea. Hapo ndipo watu walipocheka, na mimi nikajua vijana hawatavuka mto.

Kisha wakafanya kitu ambacho mnakiona hadi leo na labda mnadhani kimetoka chuoni. Wakaamua mkataba usomwe upya palepale, pande zote mbili zikiwepo, na kila nikimaliza sentensi mzee wa upande wa pili airudie kwa maneno yake kabla ya kwenda mbele. Ilichukua siku nzima. Kwenye kile kifungu, Mzee Wambura ndiye aliyerudia. Alinitazama, akasema kwa sauti kubwa, "Zitafungwa. Kufungwa kama mlango." Wazee wetu wakajibu, wamesikia, zitafungwa. Halafu wakabishana kwa haki: basi ile moja inayobaki ipanuliwe, itandikwe mawe, na mtu asisubirishwe kwa dharau. Ng'ambo wakadai hivyohivyo. Dokta akaandika yote. Nyama ya beberu ililiwa pale ukingoni, pande zote, na mpaka wa mita sitini ukapandwa mkonge, maana mkonge kila mtu huku anajua ni mpaka. Bikoni za zege, zile nguzo fupi za mpaka zilizopakwa chokaa tulizoleta mwanzo, zilirudishwa stoo. Ziko huko bado, mnaegeshea baiskeli.

Miaka iliyofuata nilitafsiri mikataba mingine mingi, hadi vijiji vya kuelekea Itiryo vilipotuomba tukawaeleze ya kwetu. Kila mahali nimeanza kwa kusema kosa langu. Dokta alihama, akarudi chuoni kwao, lakini kila mwaka alikuja mara moja, anafungua daftari langu, anatafuta mistari. Mwaka ambao hakuona mstari hata mmoja alikunja uso. "Mwaka mzima hujakosea? Au umenunua ufutio?" Nilikuwa nimeugua, daftari alishika mtu mwingine. Huyo alinunua ufutio kweli. Niliumwa zaidi niliposikia.

Nilimwomba Dokta mara mbili arekebishe ile sentensi ya ripoti. Mara zote mbili alisema ripoti ikishatoka haifutwi. Mara ya pili akaongeza, "Wewe ndiye utakayeandika pembeni." Basi, nimeandika.

Mazishini sikwenda. Ni mbali, na taarifa ilichelewa. Wao ni Waislamu, huzika mapema. Nilipopigiwa simu alikuwa ameshazikwa. Nilimaliza kufunga madaftari.

Siku yangu ya mwisho kazini niliteremka mtoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha juu, mto umejaa. Nilikuta ng'ombe kwenye mawe ya kunyweshea, na Mwita amesimama nyuma yao, anasubiri kundi la jirani litoke. Amezeeka. Tulianza kusalimiana tena baada ya ile miaka miwili, lakini salamu tu na habari za mvua. Kuhusu mto hatujawahi kuzungumza.

Alinitazama nikichuchumaa kwenye rula.

"Yule mama wa mita sitini," akasema. "Nimesikia."

"Ndiyo. Wamemzika kwao."

Jirani alitoa ng'ombe wake, akamwambia, "Pita, mzee." Mwita hakupita mara moja.

"Leo una ngapi?"

Hakuwahi kuniuliza swali hilo, miaka yote. Nikamsomea, mita mbili na sentimita thelathini na nane.

"Andika basi," akasema, akapiga mluzi, ng'ombe wakateremka.

Nikaandika. Nilipotazama tena, nilikuwa nimeandika themanini na tatu. Nikapiga mstari mmoja juu yake, nikaandika thelathini na nane pembeni, nikaweka herufi zangu.